Kioo Kinachopendeza Dukani

Nina ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni muuzaji wa vioo vya kompyuta, na wa pili ni mpiga picha anayemwamini muuzaji huyo. Ugomvi wenyewe si wa jana. Nimeubeba tangu siku zile tulipofunga vyumba vya giza, tukamwaga dawa za kusafishia filamu, na kuanza kufanya kwa kompyuta kazi tuliyokuwa tukiifanya kwa vidole vilivyolowa. Kadiri miaka inavyokwenda naona hoja zangu zikizidi kupata ushahidi, na wao wakizidi kupata wateja. Basi nimeona niuandike, msomaji apime mwenyewe.

Shitaka langu ni hili. Mpiga picha wa kwetu hununua kamera kwa kuuliza watu kumi, hununua lenzi kwa kujinyima mwaka mzima, halafu kioo cha kompyuta hukinunua kwa chenji iliyobaki. Na akiwa dukani na hiyo chenji yake, huchagua kile kinachowaka kuliko vingine. Matokeo yake ni kwamba nyuso za watu wetu, weusi wa kila namna ya weusi, kuanzia maji ya kunde hadi weusi wa mpingo, zinaharibiwa kila siku na watu wenye nia njema, kamera nzuri na vioo vya uongo.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii nieleze kidogo. Picha ikitoka kwenye kamera haiendi moja kwa moja kwenye karatasi. Mtu hukaa mbele ya kompyuta akaifungua, akaongeza mwanga hapa, akapunguza pale, akafuta jasho kwenye paji la uso, akaamua ngozi ya bibi harusi iwe na rangi gani. Uamuzi huo wote huufanya kwa kutazama kioo. Picha yenyewe ni tarakimu zilizolala ndani ya mashine, na hakuna mwanadamu anayeziona. Anachokiona ni tafsiri ya kioo. Mkalimani akiwa mwongo, hakimu hata awe mwadilifu namna gani atahukumu vibaya.

Mama mmoja aliwahi kuniletea albamu ya harusi ya binti yake, iliyotengenezwa katika studio nyingine ambayo sitaitaja. "Mzee mwenzangu," akaniambia, "hebu nitazamie hii. Mbona watu wangu wamekuwa majivu?" Nikatazama. Ilikuwa picha kubwa ya ukoo, watu kama thelathini, wazee wamekaa kwenye viti mbele, vijana na watu wazima wamesimama nyuma kwa safu mbili. Waliokaa walikuwa weusi kupita kiasi, macho yamezama, huoni kope wala mkunjo wa shavu. Waliosimama walikuwa wamepauka, ngozi ya kijivu, kama waliopakwa unga wa muhogo. Huyo mama na dada yake, waliotoka tumbo moja na ambao ukikutana nao njiani lazima uulize yupi ni yupi, mmoja amekaa na mwingine amesimama, walionekana kama watu wasiojuana.

Kijana aliyeitengeneza nilikuwa namfahamu, nikaenda kumwona, kwa wema tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nifungulie ile picha ya ukoo."

Akaifungua. Kwenye kioo chake watu wote walikuwa sawasawa, wanapendeza. "Mzee, hawa niliwasawazisha mmoja mmoja," akasema. "Waliosimama walikuwa giza, nikawaongezea mwanga. Waliokaa walikuwa wamepauka, nikawapunguzia. Kazi ya saa sita hiyo." Nikamwomba ainuke kitini taratibu huku akitazama. Alipoinuka, picha nzima ikapauka mbele ya macho yake. Nikamwambia achuchumae. Ikaingia giza, na suti nyeusi za wazee zikageuka kama negativu.

Kioo chake kilikuwa cha paneli ya aina inayoitwa TN, ambayo hubadilisha mwanga kufuatana na pembe unayoitazamia. Mtu akikaa katikati, jicho lake huitazama sehemu ya juu ya kioo kama kwa kutokea chini, na sehemu ya chini kama kwa kutokea juu. Kwa hiyo juu panaonekana giza na chini panaonekana peupe, hata ukiweka rangi moja tupu kioo kizima. Kijana yule ni fundi hodari, tena ana subira kunishinda. Alikuwa amesahihisha kwa saa sita makosa ambayo hayakuwamo kwenye picha. Nikamuuliza kwa nini alinunua kioo kile. Akaniambia kina hertz 144. Maana yake ni kwamba kinajichora upya mara 144 katika kila sekunde, na hilo ni jambo jema sana kwa mtu anayekimbizana na maadui kwenye gemu. Lakini bibi harusi aliyeko kwenye picha hakimbii.

Nani alimwambia kijana huyu kwamba hertz ni sifa ya kutafuta? Muuzaji. Ingia leo kwenye duka lolote la kompyuta, Kariakoo au Biashara Street kule Mombasa, uone vioo vilivyopangwa ukutani kama samaki kwenye meza. Vyote vimewashwa, vyote vinaonyesha kasuku wa rangi nyekundu na bahari ya samawati isiyopatikana hata Mafia. Kila kimoja kinapiga kelele kumshinda jirani yake. Kinachowaka zaidi ndicho kinachouzwa, na viwanda vinalijua hilo. Ndiyo maana vioo vingi vyenye uwezo wa kutoa mwanga wa kandela 250 hadi 350 kwa kila mita ya mraba hutoka kwenye boksi vikiwa vimefunguliwa karibu na mwisho, na weupe wake umevutwa kwenye samawati, maana weupe wenye samawati huonekana safi dukani, kama shati lililotiwa buluu.

Sasa chukua kioo hicho nyumbani, ufungue picha ya mtu mweusi. Mwanga ukiwa mkali namna ile, picha yoyote itaonekana imezidi mwanga. Fundi ataipunguza. Ataipunguza hadi imridhishe kwenye kioo, kisha ataipeleka kuchapishwa. Karatasi haina taa nyuma yake. Karatasi hutegemea mwanga wa chumba, na mwanga wa sebule zetu mnajua ulivyo. Picha inatoka giza. Mteja mwenye ngozi nyeupe ataonekana kama amesimama kivulini, basi, atavumilia. Lakini mtu mweusi, ambaye rangi zake zote zilikuwa tayari katika nusu ya chini ya ngazi ya mwanga, anabaki meno na kola ya shati. Kosa lile lile, kiasi kile kile, halimwumizi kila mtu sawa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, wala sioni haya kuisema.

Watu wa kazi hii duniani hushusha kioo hadi kati ya kandela 80 na 120, na wanauleta weupe wake karibu na kelvini 6500, ambao ni weupe wa mwanga wa mchana wa kawaida. Ukikitazama kioo hicho kwa mara ya kwanza utadhani kimeharibika. Kinaonekana hafifu, chenye manjano, kama taa ya chemli. Mpe dakika kumi. Macho yatazoea, na baada ya hapo ukirudi kwenye kile cha dukani utakiona kama taa ya gari inayokuja mbele yako.

Na hapa niseme na wale wanaojigamba kwamba macho yao hayadanganyiki. Nimelisikia hilo mara nyingi: "Mimi nina uzoefu wa miaka ishirini, nikiona rangi naijua." Ndugu yangu, jicho ndilo shahidi wa mwisho wa kuaminiwa katika jambo hili, kwa sababu jicho limeumbwa ili lizoee. Vaa miwani ya rangi ya chai uingie nayo sokoni; baada ya muda mfupi utaona nyanya ni nyekundu na chumvi ni nyeupe, kama kawaida. Ni rehema ya Mungu hiyo, bila yake tusingetambua uso wa mtu jioni na asubuhi. Lakini rehema hiyo hiyo inamfanya fundi akae mbele ya kioo cha samawati mwaka mzima asijue kwamba ni cha samawati. Analoliona ni kwamba ngozi za watu weusi "zimekufa", hazina joto, basi anazitia manjano na nyekundu kidogo, kila picha, kila siku, na kwenye karatasi watu wanatoka na rangi ya chungwa.

Sokoni hatupimi dagaa kwa kukisia mkononi, hata kama muuzaji ana uzoefu wa miaka arobaini. Tunataka mizani, na Wakala wa Vipimo hupita kuikagua. Fundi cherehani hakati kitambaa cha watu bila futi. Kipo kifaa kidogo cha kupimia kioo, kipima rangi, kinacholingana na kipanya cha kompyuta au kidogo zaidi. Unakitundika juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kifaa kinasoma kilichotoka kweli, kisha kompyuta inajirekebisha. Kazi ya chini ya nusu saa. Datacolor wanakiuza kwa jina la Spyder, na Calibrite nao wana vyao. Programu ya kukiendesha ipo hata ya bure, ArgyllCMS. Mtu aliyenunua lenzi kwa milioni kadhaa akakosa kununua kifaa hiki ananishangaza kama yule anayenunua gari la kifahari akaendesha na kioo cha mbele kilichopakwa matope.

Tuje kwenye maandishi ya boksi, maana hapo ndipo uongo unapovaa tai. Utakuta kompyuta ya mpakato imeandikwa, kama ni duka lenye adabu ya kuandika, kwamba kioo chake ni "45% NTSC". NTSC ni kamati ya Marekani iliyoweka kanuni za televisheni ya rangi mwaka 1953. Wamarekani wenyewe vituo vyao vikubwa viliacha matangazo ya namna hiyo tarehe 12 Juni 2009, lakini biashara ya kompyuta bado inapimia rangi kwa futi ya marehemu. Asilimia 45 ya NTSC, ukiigeuza kwa hesabu ya leo, ni chini kidogo ya theluthi mbili ya sRGB, na sRGB ndicho kipimo cha kawaida, kilichopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996 na kupitishwa kimataifa mwaka 1999. Yaani zaidi ya theluthi ya rangi za kawaida kabisa kioo hicho hakiwezi kuzionyesha. Kanga nyekundu inakuwa rangi ya tofali. Fundi anaona tofali, anaikoleza hadi iwe nyekundu, na karatasini inatoka inatoa macho. Nawajua wenzangu ambao wanafanya harusi nzima kwenye kompyuta za namna hii.

Au utasoma "rangi milioni 16.7". Hesabu yake ni sahihi: biti nane kwa kila rangi ya msingi hutoa hatua 256, na 256 mara 256 mara 256 ni 16,777,216. Lakini paneli nyingi za bei ya chini zina biti sita tu, hatua 64, ambazo huzaa rangi 262,144. Zilizobaki zinaigizwa kwa kuwashawasha pikseli haraka haraka kati ya rangi mbili ili jicho lidhani limeona ya tatu. Kwa barua na mahesabu ya duka haina neno. Kwa kivuli kinachoteremka taratibu kwenye shavu la mtu mweusi, hapo utaona ngazi mahali palipokuwa mteremko. Ama ile tofauti ya weusi na weupe ya "milioni moja kwa moja", hiyo ni mizaha. Wanapima weupe taa ikiwa imewashwa hadi mwisho na weusi taa ikiwa imefifishwa, saa mbili tofauti, kama mtu anayejisifu kwamba nyumba yake ina joto na baridi kwa sababu kuna Januari na Julai. Paneli nzuri ya IPS, ile aina ambayo Hitachi waliitoa mwaka 1996 na isiyobadilika rangi ukiitazama kwa upande, kwa ukweli hutoa kama elfu moja kwa moja, na inatosha.

Kuna wanaokwenda upande wa pili, nao nawagomba vilevile. Hawa wamesoma, wanajua kwamba Adobe RGB ya mwaka 1998 ni pana kuliko sRGB, basi wanakopa fedha wanunue kioo kipana kuliko vyote. Upana huo umeongezwa zaidi kwenye kijani na samawati ya maji. Ngozi ya binadamu, iwe ya Mmakonde au ya Mnorwei, iko ndani kabisa ya sRGB, haikaribii hata ukingo. Na mashine za kuchapishia picha za mitaani kwetu zinatarajia sRGB. Kioo kipana kikiachwa bila kupimwa, na programu isiyojua kutafsiri rangi, humfanya kila mtu aonekane ametoka kuchomwa jua. Anayechapisha vitabu vya sanaa au anayepiga picha za vitenge kwa ajili ya kiwanda, huyo anacho kisingizio. Mpiga picha wa harusi, ubarikio na msiba hana.

Jambo la ngozi na mashine lina historia, na anayedhani nalikuza aisikie. Kwa miongo kadhaa katikati ya karne ya 20, maabara za picha za rangi zilipokea kutoka Kodak kadi ya picha ya mwanamke wa Kizungu, ambayo mafundi waliiita "Shirley". Mashine ilirekebishwa mpaka Shirley atoke vizuri. Akishatoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na wengine wote walipita kwenye kipimo cha Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliandika kisa hicho mwaka 2009, na ndani yake mna jambo linalouma: malalamiko yaliyowasukuma Kodak kushughulikia rangi za kahawia hayakutoka kwa watu weusi. Yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao picha za matangazo yao hazikuonyesha tofauti ya chokoleti moja na nyingine, mbao moja na nyingine. Filamu mpya ilipotoka miaka ya 1980, ilisifiwa kwamba inaweza kumpiga farasi mweusi katika mwanga hafifu. Farasi!

Sisi tuliokuwa kwenye vyumba vya giza tulijua hayo bila kusoma, kwa mikono. Tulijua kwamba filamu haikutengenezwa kwa ajili yetu, tukaibembeleza. Tuliongeza mwanga kidogo wakati wa kupiga, tukakinga sehemu za karatasi kwa kiganja wakati wa kuchapa. Tazama picha za nyeusi na nyeupe za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930, uone jinsi vivuli vinavyoteremka usoni bila kukatika. Sasa tumepewa kamera ambazo zinanasa hatua za weusi kuliko filamu yoyote ya ujana wangu. Ile habari ya Shirley kwa upande wa kamera imekaribia kwisha. Na sisi wenyewe, kwa fedha zetu, tunakwenda dukani kumnunua tena na kumweka mezani, akiwa na hertz 144.

Niambiwe basi, nikinunue kipi? Sipendi kutoa orodha, bidhaa hubadilika kila mwaka. Lakini ningekuwa na fedha za kawaida ningetafuta paneli ya IPS, yenye biti nane za kweli, inayofika asilimia mia au karibu na mia ya sRGB, isiyong'aa kama sufuria jipya maana kioo kinachong'aa hukuonyesha mlango ulio nyuma yako na bodaboda zinazopita. Inchi 24 zatosha kwa meza zetu. Mwenye nafasi achukue inchi 27, ila awe na pikseli 2560 kwa 1440, kwa kuwa pikseli 1920 kwa 1080 zikitandazwa kwenye inchi 27 huzaa picha ya chengachenga na utadhani lenzi yako ni mbovu. Kioo kilichopinda sikitaki. Mstari wa nyumba ulionyooka nauona umepinda, siwezi kujua kosa ni la fundi mwashi au la kioo.

Ningekwenda dukani na flashi yenye picha zangu mwenyewe: uso wa mtu mweusi niliyemzoea, kanzu nyeupe juani, buibui jeusi kivulini, na picha moja ya kijivu kitupu bila kitu chochote. Hiyo ya kijivu ndiyo inayofichua mengi. Ijaze kioo kizima, uone kama pembe moja ina rangi ya waridi na nyingine ya kijani, au katikati ni kweupe na kandoni kuna wingu. Muuzaji atanuna. Mwache anune. Halafu mwombe ashushe mwanga hadi chini, maana viko vioo ambavyo hata ukivishusha mpaka sifuri bado vinakuchoma macho.

Mtaniambia fedha hakuna. Najua hakuna, nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Lakini nazungumza na watu ambao tayari wanatumia fedha, tena vibaya. Kioo cha mtumba cha ofisini, cha IPS, kilichoshuka bandarini kutoka Ulaya, chenye sura ya kizee na kingo nene, kinashinda kwa mbali kile kipya cha gemu chenye taa za rangi mgongoni, na bei yake ni ndogo. Hakikisha tu taa yake ya nyuma haijachoka. Baadhi huonyesha saa za matumizi kwenye menyu. Na kipima rangi hakuna haja kila mmoja awe nacho. Kioo hupimwa mara moja kwa mwezi. Studio kumi za mtaa mmoja zikichangiana, kifaa kimoja kinazunguka, kila mmoja akae nacho siku moja, na siku zinabaki za kukipumzisha. Tunachangiana harusi za watu tusiowajua, seuze hili?

Ukuta nao upakwe rangi iliyotulia. Nimeona studio yenye ukuta wa kijani kibichi na tyubu mbili za mwanga wa samawati, na fundi amevaa jezi nyekundu inayojionyesha kwenye kioo, halafu anashangaa rangi zinamkimbia.

Wengine wananijibu kwamba siku hizi hakuna anayechapisha, watu wanatazama kwenye simu, na kila simu ina rangi yake, kwa hiyo kazi yote hii ni bure. Hoja hii inasikika kama ya busara mpaka uipekue. Ni kweli simu zinatofautiana; moja ina samawati, nyingine ina manjano, moja kali, nyingine hafifu. Picha iliyonyooka ikipita huko itayumba kidogo upande huu na upande ule. Picha iliyopinda tangu mwanzo ikikutana na simu iliyopinda upande uleule, mtu hatambuliki. Na tena watu wanachapisha. Wanachapisha siku ambayo hawakuipanga, mtu akishafariki, na mtoto wa marehemu anakuja asubuhi na picha ya harusi ya miaka mitano nyuma, anataka uso ukatwe, ukuzwe, uwekwe kwenye fremu juu ya jeneza. Siku hiyo hakuna wa kupiga upya.

Hoja ya mwisho ndiyo ngumu, na wanaoitoa huitoa kwa kunong'ona. Wananiambia: mzee, wateja wenyewe wanataka kutoka weupe. Wewe unahangaika na weusi wa kweli, wao wanalipia mkorogo.

Sikatai kwamba wapo. Mkorogo wa kupaka upo madukani, na mkorogo wa kompyuta uko kwenye kila simu, unabonyeza mara moja. Mtu mzima akiniambia nimpunguze weusi, nitamwuliza mara moja kama ana hakika, kisha nitafanya. Uso ni wake. Ninachokataa ni kupewa mkorogo bila kuuomba. Yule mama wa albamu hakuomba. Dada yake hakuomba. Bibi harusi aliyekaa saa tatu kwa mpambaji hakuomba rangi ya chungwa. Walikatiwa shauri na kioo, na kioo kilichaguliwa na muuzaji, na muuzaji alitaka kasuku wake apendeze.

Tena nina shaka kidogo na hayo yanayosemwa juu ya wateja. Weusi wanaoukimbia ni upi? Miaka yote wameonyeshwa picha ambazo mtu mweusi ama amezama gizani ama amepauka majivu, na baina ya hizo mbili mtu yeyote angeomba mwanga uongezwe. Mimi mteja akija na ombi hilo humkalisha kwanza mbele ya kioo changu kilichopimwa, nikamfungulia picha yake kama ilivyo, ngozi yake na kila kivuli kilichomo, na mng'ao ule mdogo wa mafuta juu ya shavu ambao kioo kibovu hakiuoni. Ninanyamaza. Wapo wanaobaki na ombi lao, nami nawatimizia na kuchukua fedha yangu. Wengine hutazama kwa muda, wakasogea karibu, wakagusa kioo kwa kidole, jambo ambalo sipendi. Kisha wananiuliza nimetumia kamera gani.